Gazi ya Shimo Siyo Mazuku



Majira ya mvua yamejaza mashimo ya vyoo katika mtaa wetu, na jamaa nyingi zinatafuta vijana wa kuyatoa uchafu. Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja aliuliza: gazi inayotoka ndani ya shimo la choo ndiyo ile ile ya mazuku? Tuliona ulizo hilo linastahili ukurasa mzima, kwa sababu anayechanganya gazi hizi mbili anaweza kupoteza mtu.

Mazuku tunaijua tangu utoto. Ni gazi kaboniki inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala katika mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo haujaamka. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anaingia, anaanguka, na mtoto anayemfuata anaanguka pia. Gazi hiyo haiwaki, tena inazima moto.

Gazi ya shimo la choo ina mambo yake. Uchafu ukikaa mahali pasipo hewa, vijidudu vidogo sana vinaula na kutoa gazi inayoitwa metani. Metani ni nyepesi kuliko hewa. Inapanda juu, inajikusanya chini ya simiti ya choo, au chini ya mabati ya kijumba kisicho na dirisha. Na inawaka: ikifika sehemu 5 hadi 15 katika sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha kulipua shimo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kuna watu wanaopima shimo kwa kushusha mshumaa au karatasi inayowaka: moto ukizimika, wanasema kuna mazuku. Katika shimo la choo kipimo hicho kinaweza kuwa cha mwisho. Tuwaambie vijana wetu waziwazi: moto usikaribie shimo la choo lililofunguliwa. Hapana mshumaa, hapana kiberiti, hapana sigara.

Wengine wanategemea pua. Metani yenyewe hainuki. Harufu ya yai bovu tunayoisikia ni ya gazi nyingine inayotoka pamoja nayo, yenye salfa, nayo ni sumu. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua, na mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imezidi. Kwa hiyo shimo lisilonuka lisihesabiwe kuwa salama. Tena gazi kaboniki iko humo pia, na hewa ya kupumua ni kidogo. Anayeingia anaweza kuzimia kabla hajaita.

Sasa tuangalie namna wengine wanavyofanya na gazi hii. Hatuendi mbali: ziwa letu la Kivu limebeba chini yake metani inayokadiriwa kufika kilometa za ujazo 60, pamoja na gazi kaboniki kama 300. Uzito wa maji unaizuia huko chini. Upande wa Rwanda, huko Karongi, mtambo wa KivuWatt unaivuta metani na kuichoma ili kutoa umeme wa megawati 26. Magereza ya Rwanda nayo, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, yalianza kupika kwa gazi ya vyoo vya wafungwa na kupunguza kuni. Sisi tunaonunua makala kila siku tunajua maana ya jambo hilo.

Katika miji mikubwa maji machafu yanapelekwa kwa mabomba hadi kwenye kiwanda cha kuyasafisha. Nairobi ina mabwawa makubwa ya Dandora, huko Ruai, ambayo yako wazi: gazi inayotengenezwa chini ya maji inapanda mbinguni. Kampala ina kiwanda cha Bugolobi chenye matangi yaliyofungwa, ambamo gazi inakusanywa ili itoe umeme. Lakini hata tangi lililofungwa linaweza kuvuja. Wafanyakazi wa viwanda vya namna hiyo wanatafuta mahali pa kawaida: ukingo wa kifuniko, maungio ya mabomba, robine za kupunguza nguvu ya gazi, na mahali tope linapowekwa baada ya kutoka ndani ya tangi, kwa sababu tope hilo linaendelea kutoa gazi. Wanatumia vyombo vinavyolia vikikuta metani, na kamera maalumu zinazoonyesha gazi ambayo jicho halioni.

Kwa nini wanahangaika hivyo? Gazi inayovuja ni umeme uliopotea, na ni hatari kwa mfanyakazi. Tena metani inapasha dunia joto: kwa miaka 20 ya kwanza, kilo moja inapasha mara 80 hivi kuliko kilo moja ya gazi kaboniki. Ndiyo maana mwaka 2021, huko Glasgow, nchi nyingi ziliahidi kupunguza metani ya dunia kwa asilimia 30 kabla ya mwaka 2030 kuisha.

Goma haina mabomba ya namna hiyo. Kila parseli ina shimo lake au fosi septiki, na mawe ya volkano yanafanya wengi wasichimbe chini sana. Maana yake kiwanda chetu cha maji machafu kiko nyuma ya nyumba, na mwangalizi wake ni sisi wenyewe. Tufanye haya:

Moja. Kila shimo liwe na bomba la hewa linalopita juu ya mabati, lenye wavu wa kuzuia nzi. Tuangalie kila mara kama buibui au majani havijaliziba. Bomba hili halipunguzi metani ya dunia, lakini linaiondoa karibu na watoto wetu.

Mbili. Shimo lisingoje kufurika. Likitolewa uchafu kwa wakati, gazi inapungua. Na tope lisimwagwe katika nyufa za mawe wala kando ya ziwa. Maji ya mvua yanapita katika nyufa hizo, na wengi wetu bado tunachota ziwani.

Tatu. Mwenye mtambo wa gazi ya kupikia apake maji ya sabuni kwenye kila ungio na kila robine, walau mara moja kwa mwezi. Povu likivimba, hapo panavuja: afunge robine, afungue madirisha, aite fundi. Moto wa jiko ukianza kuwa dhaifu bila sababu, afanye kipimo hicho siku ile ile. Na gazi ikizidi, ni afadhali kuichoma kwenye jiko kuliko kuiachia hewani.

Nne. Mtu asiingie ndani ya shimo, hata kwa dakika moja, hata kuokota ndoo. Kazi ifanywe kutoka juu, na watu wasiopungua wawili, kifuniko kikiwa kimeachwa wazi muda mrefu kwanza.

Tano, na hili tuwafundishe watoto pia: mtu akianguka ndani, usimfuate. Mara nyingi ndugu anaruka kumwokoa ndugu, na jamaa moja inazika wawili au watatu siku moja. Piga kelele, ita majirani, tafuta kamba na watu wenye vifaa vya kupumulia.

Tunajua mwanaume anayetoa uchafu anafanya kazi hiyo ili watoto wake wale. Mama wa nyumba anayemwita anaweza kumwambia: «Baba, hapa kwangu hakuna kuingia, na sigara uiache barabarani.» Maneno hayo hayana gharama.

Mkutano ujao kila kikundi kilete habari: mabomba mangapi ya hewa yako wazi, na mangapi yameziba. Mungu atulindie nyumba zetu.