Tundu si Ila

Katika mji wetu huu wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, tangu watu walipoanza kurejea majumbani mwao baada ya mji kukombolewa kutoka mikononi mwa waasi mwezi wa Agosti 2021, shoka halijapata kupumzika. Na mti unaohukumiwa mwanzo, popote pale, ni ule mkongwe wenye tundu, kwa kuwa itikadi iliyotuenea, wakubwa kwa wadogo, ni kwamba mti wa namna hiyo umekwisha kufa, hauna manufaa tena ila makaa, na kwamba aliyemo ndani yake, akiwa bundi, ni kisirani juu ya kisirani. "Mzee, huu ushaoza," mchoma makaa humwambia mwenye shamba, naye huitikia kwa kichwa, akapokea fedha zake.

Dhana hii ni batili. Mti hauishi kwa moyo wake kama aishivyo mwanadamu. Sehemu iliyo hai ni ule utando mwembamba ulio chini ya gome, upitishao maji na chakula, ilhali mbao ngumu ya katikati ilikwisha kufa zamani, hata katika mti usio na kasoro. Ukungu ukiula moyo ule, mti huwa mwanzi, hauwi maiti. Ndiyo maana mbuyu uliopasuka tumbo, hata watoto wakaingia kujisitiri na mvua, huendelea kuchanua na kuzaa. Nyuma ya nyumba yangu upo mwembe wa namna hiyo, na tundu lake ni pale tawi lilipokatika. Chini yake niliokota vidonge vya kijivu alivyovitapika bundi, kila kimoja kadiri ya kidole gumba, nikavipasua kwa ukucha: manyoya, mifupa myembamba kama sindano, na fuvu la panya na meno yake ya manjano. Kidonge kimoja kilikuwa na mafuvu matatu. Basi huyo ndiye tumpigaye mawe, naye usiku kucha anatulindia mahindi ghalani!

Na laiti hasara ingekuwa ya bundi peke yake. Mumbi, yule ndege mweusi mkubwa mwenye ngozi nyekundu shingoni, atembeaye kwa miguu maporini na kunguruma alfajiri kama ngoma ya mbali, amekwisha kuandikwa miongoni mwa viumbe wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka. Aghalabu hutaga mayai mawili, lakini kinda wa pili hufa kwa njaa, na kundi zima huweza kukaa miaka mingi lisikuze mtoto hata mmoja. Tundu la kumtosha ndege wa kimo hicho halipatikani ila katika mti uliomzidi umri mwenye shoka.

Huko Afrika Kusini, katika hifadhi za watu binafsi zipakanazo na mbuga ya Kruger, miti mikubwa ilipoadimika wenye ardhi waliridhia kutundikiwa viota vya kutengenezwa, na mumbi wakavikubali, wakalea humo. Sisemi haya ili mtu akate mwembe kisha aangike sanduku. Hiyo ni hila, na sanduku ni badala ya dharura tu. Lakini pale ambapo mti umekwisha kuwa makaa, vipande sita vya ubao mnene usiopakwa rangi, vyenye vitobo chini vya kutolea maji, vikitundikwa juu na mlango ukageuzwa upande usiopigwa na mvua, vyatosha kumrudisha bundi. (Nyuki wakitangulia kuingia, usisikitike, asali nayo ni riziki.)

Wapo watakaojibu kwamba mnyama ni wa dola na ardhi ni ya dola, kama isemavyo sheria ya ardhi ya 1997, na raia hana ila haki ya kuitumia. Kweli. Lakini shoka si la dola, na mwenye kupokea fedha za makaa si waziri.

Kwa hiyo, ndugu mwenye shamba, siku mchoma makaa atakapokujia, mwambie angoje kidogo; gonga gogo lile kwa mpini mara moja, kisha tazama juu tunduni, uone ni nani atakayechungulia.