Ni Deni, Si Sadaka

Serikali inapofungua mlango wa nchi ili bidhaa za kigeni ziingie kwa ushuru mdogo, hufanya hivyo kwa manufaa ya wengi. Mnunuzi hupata shuka kwa bei nafuu, naye mfanyabiashara hupata soko pana. Walakini gharama ya manufaa hayo haigawanywi kwa wote. Humwangukia yule aliyekuwa akifuma shuka kiwandani, ambaye siku moja hukuta lango limefungwa. Twasema kwamba mfanyakazi huyo analidai taifa, na yafaa deni lake liandikwe katika sheria.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kwa ujamaa, kiongozi wa wafanyakazi wa chuma, David McDonald, alilipendekeza mwaka 1954. Tarehe 11 Oktoba 1962, Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria iliyolikubali. Hoja ilikuwa nyepesi: ikiwa ushuru umepunguzwa kwa faida ya taifa zima, si haki mzigo ubebwe na wachache.

Lakini sheria njema yaweza kuuawa na masharti yake. Ilitakiwa ithibitishwe kwamba kupunguzwa kwa ushuru ndiko hasa kulikoleta bidhaa, na kwamba bidhaa hizo ndizo hasa zilizomwondoa mtu kazini. Matokeo yake, kwa muda wa miaka 7 hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Si ajabu kwamba vyama vyao viliuita msaada huo bima ya mazishi. Masharti yalilegezwa mwaka 1974, na mwaka 2002 wenye umri wa miaka 50 na zaidi wakaongezewa haki nyingine: aliyepata kazi ya mshahara mdogo aliweza kulipwa, kwa muda wa miaka 2 na kwa kiwango maalumu, nusu ya tofauti baina ya mshahara wa zamani na huo mpya.

Kilipofungwa kiwanda cha taulo na shuka cha Pillowtex, mwezi Julai 2003, zaidi ya watu 4,000 walipoteza kazi katika jimbo la North Carolina. Wengi wao hawakuwa wamemaliza sekondari. Kwa sheria hiyo wengi waliweza kurudi darasani wakiwa na posho ya kuwalisha. Hawakupona wote, lakini hawakuachwa mikono mitupu.

Funzo kubwa lilikuja baadaye. Aghalabu mpango huo ulihuishwa pale Serikali yao ilipotafuta kura za Bunge ili kupitisha mambo ya biashara. Tarehe 1 Julai 2022 muda wake ulikwisha bila kuongezwa, na wizara ya kazi ikazuiwa kuidhinisha maombi mapya, ingawa bidhaa za kigeni hazikuacha kuingia. Haki ya mfanyakazi ikigeuzwa kuwa kitu cha kubadilishana sokoni, hutoweka soko linapofungwa.

Je, sisi tumejiandaa vipi? Baada ya biashara ya nje kulegezwa mwaka 1984, viwanda vyetu vya nguo vilidhoofika, na vingi vikafungwa. Hatusemi kwamba mitumba na vitambaa vya nje ndivyo pekee vilivyoviua. Mashine zilichakaa, umeme ulikatika na madeni yalizidi. Lakini mfanyakazi hakuwa mwenye kosa katika lolote kati ya hayo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yampa anayepunguzwa kazini kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, kwa miaka isiyozidi 10. Maana yake ni kwamba aliyetoa jasho lake miaka 25 anaweza kuondoka na mshahara wa siku 70. Mwaka 2018 liliongezwa fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6 kwa anayestahili. Ni hatua njema, nasi twaipongeza. Lakini fedha hizo humwezesha mtu kungoja tu. Hazimpi ufundi mwingine.

Mwezi Septemba 2021 Bunge letu liliridhia mkataba wa eneo huru la biashara la Afrika. Mkataba huo una mfuko wake wa kuzisaidia nchi na makampuni kuhimili mabadiliko. Hatuna budi kuuliza fungu la mfanyakazi liko wapi.

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, haki hii iwe ya kudumu, na igharimiwe kwa sehemu ya ushuru wa bidhaa zile zile zinazoingia. Pili, msaada uanze siku inapotolewa notisi ya kupunguza wafanyakazi, wala asitakiwe fundi wa kufuma kuthibitisha ni meli ipi iliyoleta kitambaa kilichomnyang'anya kazi. Tatu, mafunzo yafungamane na kazi iliyopo kweli, na wazee wa kiwandani wasidharauliwe.

Wako watakaouliza kwa nini huyu asaidiwe kuliko aliyeondolewa na mashine. Twajibu kwamba mashine huletwa na tajiri kwa hesabu zake, lakini ushuru hupunguzwa na Serikali kwa jina la wananchi wote. Wengine watasema heri tufunge mlango. Ushuru waweza kukilinda kiwanda kichanga, lakini haumlishi aliyekwisha kuachishwa.

Vyama vya wafanyakazi na vivalie njuga jambo hili sasa, wakati malango yangali wazi. Anayengoja kiwanda kifungwe ndipo adai haki, atadai mbele ya kufuli.