Kiungo kidogo cha usukani chafichua ugumu wa soko la vipuri Bujumbura

Mwenye gari katika mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, anapoambiwa na fundi kwamba kiungo cha usukani kimekwisha, hukabiliwa na swali linalozidi thamani ya kipande hicho cha chuma. Je, anunue kipuri chenye alama ya kiwanda kilichounda gari, kipuri cha kampuni nyingine, au kilichotolewa kwenye gari lililochinjwa? Jibu lake hutegemea mfuko wake, lakini pia hutegemea thamani ya faranga ya Burundi, hali ya mipaka, na uwezo wa dola wa kukagua kinachoingia sokoni.

Kiungo chenyewe, ambacho mafundi wa Bujumbura hukiita rotuli na wenzao wa Dar es Salaam hukiita boljointi, ni tufe la chuma lililowekwa ndani ya kikombe, likapakwa grisi na kufunikwa kwa mpira. Kazi yake ni kuliwezesha gurudumu kukata kona na kupanda na kushuka bila kuachana na mkono wa usukani. Mpira huo ukichanika, vumbi na maji huingia, grisi hukauka, na tufe huanza kucheza ndani ya kikombe chake. Dereva husikia mgongano barabarani, gari huvuta upande mmoja, na tairi huliwa ukingoni. Mwisho wa safari hiyo ni tufe kuchomoka: gurudumu hulala upande, na usukani hubaki mkononi mwa dereva bila kazi yoyote.

Katika mitaa tambarare ya Bujumbura ajali ya namna hiyo yaweza kuishia kwenye mtaro. Katika barabara kuu ya taifa nambari 1, inayopanda milima kwa kona kali kuelekea Bugarama na Kayanza, mambo ni mengine kabisa.

Mtumba, bandia na mbadala

Mjadala kuhusu vipuri huharibiwa mara nyingi na mkanganyiko wa maneno. Wengi huamini kwamba kila kipuri kisicho na jina la Toyota au Nissan ni bandia. Sivyo. Viwanda vya magari havitengenezi kila kitu. Huagiza sehemu nyingi kwa kampuni nyingine. Lemförder ya Ujerumani, kwa mfano, huwauzia viungo vya usukani waundaji wa magari, na pia huviuza madukani kwa jina lake yenyewe. Kampuni ya Sankei ya Japani, inayojulikana kwa alama ya 555, imejipatia jina katika biashara hiyo hiyo. Vipuri vya aina hii ni mbadala, na si bandia.

Barani Ulaya, kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 461 ya mwaka 2010 ililinda ushindani huo, ili vipuri vya watengenezaji huru vyenye ubora unaolingana viweze kuwafikia mafundi na wenye magari.

Bandia ni kile kinachovaa jina la mwingine. Sanduku hufanana, nembo hufanana, lakini chuma ni laini, kikombe ni cha plastiki dhaifu, na grisi ni kidogo. Kwa macho, tofauti haionekani kwa urahisi. Hapo ndipo mnunuzi hubaki na imani yake kwa muuzaji, na muuzaji naye hubaki na imani yake kwa aliyemletea mzigo.

Kuna aina ya tatu, nayo ni mtumba. Kiungo kilichotolewa kwenye gari kuukuu huenda kilitoka kiwandani kikiwa bora, lakini hakuna ajuaye kimetembea kilomita ngapi. Kwa sehemu kama mlango au taa, hilo halina madhara makubwa. Kwa sehemu ambayo kazi yake yote ni kusuguana, ni kununua uchakavu wa mtu mwingine.

Bei inayopangwa mbali na karakana

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje duniani, na Afrika ikapokea sehemu kubwa zaidi. Gari linalofika likiwa na umri mkubwa huja pamoja na deni la matengenezo. Deni hilo hulipwa kwa dola, kwa kuwa Burundi huagiza vipuri kutoka nje.

Mwezi Mei mwaka 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha thamani ya faranga, na dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja katika kiwango rasmi. Mfanyabiashara asiyepata dola benkini huitafuta katika soko la kando, ambako bei ni ya juu zaidi, na tofauti hiyo humfikia mteja. Januari mwaka 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na kwa hatua hiyo njia ya kutoka Kampala kupitia Kigali ikazibwa. Uzito wa biashara ukazidi kuelemea bandari ya Dar es Salaam, ambayo tangu zamani ndiyo mlango mkuu wa bidhaa za Burundi.

Katika mazingira hayo, dereva wa teksi anayepaswa kumkabidhi mwenye gari hesabu ya kila siku ana sababu ya kuahirisha matengenezo. Siku moja karakanani ni siku bila pato. Mwenye gari husema dereva ndiye aliyeliharibu. Dereva husema gari lilikuja likiwa hivyo. Abiria, ambaye hakushirikishwa katika mabishano hayo, ndiye anayebeba hatari.

Adui ni uchakavu

Wapo wanaotaka vipuri vya bei nafuu vipigwe marufuku. Hoja hiyo ina uzito pale inapohusu bandia, na Ofisi ya Burundi ya Viwango na Udhibiti wa Ubora ina wajibu huo. Lakini marufuku ya jumla ingezaa matokeo kinyume: mtu asiyemudu kipuri cha asili hangekinunua, angeendelea kutembea na kiungo kilichokwisha. Kiungo kipya cha kampuni mbadala inayoaminika ni salama kuliko cha asili kilicholegea.

Aidha, kipuri bora chaweza kuharibiwa na ufungaji mbaya. Kiungo cha mwisho wa mkono wa usukani hufunguliwa kwa kuhesabu mizunguko, ili kipya kiingie palepale. Pini ya kufungia nati haifai kurudiwa. Mpira haupigwi nyundo. Na baada ya kazi, magurudumu hupangwa upya kwa vipimo, la sivyo tairi jipya litalika kwa muda mfupi. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo wateja wengi huikwepa ili kupunguza gharama.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa. Gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa mahali imara, kisha gurudumu hushikwa kushoto na kulia na kutikiswa. Likicheza huku mkono wa usukani umetulia, kuna kiungo kilicholegea. Jaribio hilo la dakika chache lingeweza kuwa desturi ya kila karakana kuanzia Nyakabiga hadi Buyenzi, mtaa wa Waswahili unaojulikana kwa mafundi wake, na ukaguzi wa magari unaofanywa na serikali ungeweza kulitilia mkazo zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya tisa kati ya kila vifo kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Si vyote vinavyotokana na ubovu wa magari. Lakini kiungo cha usukani hutoa dalili mapema, kwa sauti na kwa mtikisiko, na hilo hulifanya suala la nani alipie kuwa la kuamuliwa kabla ya safari. Risiti yenye jina la kipuri na dhamana ya muuzaji, pamoja na makubaliano ya wazi kati ya mwenye gari na dereva wake, ni mambo yasiyosubiri dola kushuka.