Ustadi Haukai Kidoleni



Kuna tusi moja ambalo kila anayecheza gemu za roboti za vita amewahi kulisikia mechi ikiisha: "Yule hajui kulenga, kazi yake kuloki tu." Anayetukanwa ni aliyebeba silaha za kuloki, zile ambazo rada ikishamnasa adui, kombora humfuata lenyewe hadi limfikie. Toleo hili lote tumelitenga kwa ajili ya gemu za roboti, na nimeona nilishughulikie tusi hilo hapa mlangoni, kabla hujazifikia makala za wenzangu. Si kweli kwamba silaha hizo hazihitaji ustadi. Zina kasoro, tena kubwa, lakini si hiyo, na tusi hili linatuzuia tusiione iliyopo.

Tuchukue MechWarrior Online, gemu ya Piranha Games ya Kanada iliyotoka rasmi mwaka 2013, ambamo timu mbili za marubani 12 kila moja hupambana. Makombora yake ya masafa marefu, LRM, yanalaumiwa karibu kuliko silaha nyingine yoyote. Rubani humweka adui kwenye alama ya kulengea, husubiri loki ikamilike, kisha hufyatua. Anayetazama kwa pembeni atadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Inabidi adui aendelee kuonekana mpaka makombora yafike, nayo hayana haraka: anayeshambuliwa husikia onyo ndani ya chumba chake cha urubani na mara nyingi hupata muda wa kujibanza nyuma ya jengo. Loki ikikatika njiani, makombora huangukia pale alipoonekana mara ya mwisho. Akiwa na kifaa cha kuvuruga rada, kuinasa tu roboti yake ni shughuli. Wenzake wakiwa na mizinga midogo ya kutungulia makombora, mengi huishia angani. Na akikusogelea ndani ya mita 180, LRM za upande wa Inner Sphere, mojawapo ya kambi za gemu hii, hazimdhuru hata kidogo.

Hizo mita 180 zina asili yake. Gemu hii ni mjukuu wa BattleTech, mchezo wa mezani ulioanzishwa na kampuni ya FASA ya Chicago mwaka 1984. Ubao wake umegawanywa katika vyumba vya pembe sita, kila chumba kikihesabiwa kuwa mita 30, na LRM huanza kupata shida ya kupiga adui akiwa ndani ya vyumba sita. Sita mara 30 ni 180. Sasa angalia: katika mchezo huo wa mezani hakuna mtu anayelenga kwa mkono. Dadu ndizo zinazosema kama pigo limempata adui au limemkosa. Ustadi wa mchezaji uko katika kujua asimame wapi, asogee lini, joto la mashine yake alivumilie mpaka kiwango gani, na nani amsaidie kumwona adui aliyejificha nyuma ya kilima. Watu wamecheza hivyo kwa miaka 40, na sijasikia mtu akisema bingwa wa BattleTech ni bingwa wa bure. Anayedai kwamba roho ya gemu hizi ni wepesi wa kipanya amesahau zilizaliwa wapi.

Suala la kuonewa adui na mwenzako ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu nilipoanza nililikosea vibaya. Katika MechWarrior Online, rubani wa LRM anaweza kumpiga adui asiyemwona kwa macho yake, mradi mwenzake amemweka kwenye rada. Nilidhani basi kazi yangu ni kukaa mita 800 nyuma na kungoja. Timu yangu ilikuwa ikishindwa mechi baada ya mechi, na mimi nikihesabu tu makombora niliyorusha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba deraya ya roboti yangu, ile niliyoirudisha nzima kila mechi, ilikuwa mali ya timu. Wenzangu 11 walikuwa wakigawana vipigo vya maadui 12. Rubani anayeijua LRM hutembea na kundi, hujitafutia loki kwa macho yake mwenyewe, hupokea kipigo chake na kurudi nyuma kupumua, na hujua adui yupi yuko uwanjani wazi na hana pa kukimbilia. Yote hayo ni maamuzi, na hayapatikani kwa kubonyeza kitufe.

Kwa Wajapani ubishi huu usingechukua dakika tano. Katika mfululizo wa Mobile Suit Gundam: Extreme Vs., ulioingia kwenye kumbi za michezo mwaka 2010, wachezaji wawili hupambana na wawili na kila mmoja ana loki tangu sekunde ya kwanza. Adui akiwa mbali alama ni ya kijani; akiingia kwenye masafa yako inageuka nyekundu na risasi zinaanza kumfuata. Lakini hatua moja ya haraka ya pembeni hukata ufuatiliaji huo. Kwa hiyo mapambano yote yanahamia kwenye nishati ya kurukia: nani ataimaliza kwanza, na atatua chini wakati gani akiwa hana tena cha kukwepea. Kulenga wamepewa wote bure, na bado anayejua na asiyejua wanatofautiana kama usiku na mchana.

Sasa kasoro yenyewe. LRM humwonea mgeni na kumshindwa mwenyeji. Mgeni hajui kujibanza, hajafunga kifaa chochote cha kujikinga, anauawa na mvua ya makombora asiyojua imetokea wapi, na wengine hufuta gemu siku hiyohiyo. Kwa marubani wa juu hali ni kinyume: leza hufika papo hapo na mkono uliotulia huishikilia kifuani mpaka itoboe, ilhali makombora hutapakaa begani, mguuni na mkononi. Ndiyo maana wanaotafuta ushindi mkubwa mara nyingi huziacha. Hilo ni kosa la mizani, na dawa yake ni kumfundisha mgeni mapema namna ya kukata loki, na kumtuza zaidi rubani aliyejitafutia loki kwa macho yake kuliko aliyeazimwa.

Kwa sisi wa Dar es Salaam au Mombasa kuna jambo moja zaidi. Tunacheza kupitia seva zilizo mbali, na amri ya kidole hufika imechelewa. Silaha inayotegemea hesabu ya mahali na wakati hutuumiza kidogo kuliko ile inayotegemea sehemu ndogo ya sekunde.

Nawaomba wanaoandaa mashindano huku kwetu wasiandike kanuni ya kupiga marufuku silaha za kuloki kwa kisingizio kwamba ni za wasiojua. Waziruhusu, kisha waache timu zijibu uwanjani. Na wewe msomaji, ukipigwa na LRM kesho, kabla hujaandika lile tusi, irudie rekodi ya mechi yako utazame ulikuwa umesimama wapi.