Mshale ulipanda, injini haikuwa na homa

Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke kando, nizungumzie kimeo changu. Nina Corolla kuukuu ya miaka ya 90. Wanaoniona nayo barabarani hudhani nina mshiko. Wangejua!

Kasheshe ilianzia kwenye foleni ya Buguruni, giza linaingia. Nawasha taa, mshale wa temprecha huyoo, unapanda! Nikapata mchecheto, nikazima taa. Ukashuka. Nikawasha tena, ukapanda tena. Nikaegesha pembeni, nikasubiri injini ipoe ndipo nikafungua rejeta: maji tele, hayajapungua hata tone.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wangu, yule yule aliyenibadilishia klachi mwezi uliotangulia. Hata kuinama hakuinama. "Braza, gasketi ya silinda hedi imekwenda hiyo. Tushushe hedi." Akataja bei. Bwana wee! Karibu kodi ya miezi mitatu, na hela niliyokuwa nayo mfukoni ndiyo hiyo kodi, mwenye nyumba ananisubiri Jumamosi. Nilishaanza kuhesabu noti, kisha nikamuuliza: maji ya rejeta yanajuaje kuwa nimewasha taa? Akakuna kichwa. Noti zikarudi mfukoni.

Kijiweni wakanielekeza kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Washa gari, na taa."

Akachukua mita, akaiweka kwenye volti. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini: karibu sifuri. Akaihamishia ile ya pili kwenye bodi: 0.8. "Homa yako hiyo hapo," akasema. Kumbe haitakiwi izidi kama 0.2.

Akanipa somo. Umeme ukishafika kwenye taa lazima urudi betri, na njia ya kurudia ndiyo mafundi wanaiita athi. Taa zinarudishia kwenye bodi, na bodi inashikana na injini kwa ukanda wa waya uliosukwa. Ukanda wangu ulikuwa unaning'inia! Jamaa wa klachi aliufungua aweze kushusha giaboksi, akasahau kuurudisha. Umeme ukawa unajipenyeza popote, hata kwenye kebo ya eksileta. Sasa, sensa ya temprecha athi yake ni injini, geji ya kwenye dashibodi athi yake ni bodi. Volti za injini na bodi zikipishana, geji inadhani ni joto. Ukiwasha taa, zinapishana zaidi.

Kabla hajaufunga akachukua waya mmoja wa kuamshia betri, akabana ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Taa zinawaka, mshale unashuka taratibu. Nilitaka kumkumbatia. (Ukijaribu nyumbani, nguzo ya chanya ikae mbali na waya huo kabisa, utaona moto.)

Kilichobaki kilikuwa kazi ya msasa. Rangi na kutu havipitishi umeme, kwa hiyo unasugua mpaka chuma king'ae, unakaza bolti, unapaka grisi juu. Tena mzee akaniambia nisipime athi gari likiwa limezimwa. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuambia uko mzima, ila ukiupa mzigo wa taa unaumbuka. Kuna na geji ya mafuta: Toyota nyingi za zamani, athi ya boya la tenki ikishika kutu, mshale unalala kwenye tupu wakati umetoka kujaza.

Ila wewe usije ukaona mshale umepanda ukajisemea "athi tu hiyo" ukaendelea kukanyaga mafuta. Simama, zima, angalia maji, na rejeta ya moto usiifungue, itakuunguza uso. Kama taa hazibadilishi kitu, huenda injini inachemka kweli.

Mzee alinitoza elfu kumi na soda. Nikampitia yule wa klachi kumsimulia. Unajua alisemaje? "Braza, mi mwenyewe hiyo athi ndiyo nilitaka kuianza."

Jumamosi mwenye nyumba alipata kodi yake yote.