Tusizitupe Kofia za Wazee Wetu

Mzee akifariki katika miji yetu ya pwani, kanzu zake hutolewa sadaka na vitabu vyake hupata wa kuvisoma. Kofia zake, aghalabu, hazina mwenyewe. Moja huchezewa na watoto, nyingine hupangusiwa vumbi, na ile nzuri kabisa huuzwa kwa mgeni kwa bei ambayo fundi aliyeishona angeona haya kuitaja. Sisi twaona jambo hili halifai.

Hatusemi juu ya kofia za mashine ziletwazo kwa makasha. Twasema juu ya bulibuli ya mkono: kitambaa cheupe kilichochorwa mapambo, kisha fundi akatoboa tundu baada ya tundu, akiuzungusha uzi ukingoni mwa kila tundu mpaka likasimama kama jicho. Kofia moja huweza kumchukua miezi. Ielekeze kwenye jua utaona mwanga ukipenya kama katika kimia, ule ufumaji wa matundu ambao wengine huuita lesi.

Na katika historia ya kimia upo mfano ambao watu wa Lamu, Siyu na Pate watauelewa upesi. Burano ni kisiwa cha wavuvi karibu na Venice, Italia. Kimia chake cha sindano kilikuwa na sifa kubwa hapo kale, lakini kufikia karne ya 19 kazi hiyo ilikuwa imekaribia kufa. Mwaka 1872, baada ya baridi kali iliyowanyima wavuvi riziki, ilifunguliwa shule ya kuwafundisha wanawake kazi ile ili wapate chumo. Aliyebaki akiijua barabara ni bibi mmoja mzee, Cencia Scarpariola. Ndiye aliyemwonyesha mwalimu, naye mwalimu akawafundisha wasichana. Sanaa ya kisiwa kizima ilikuwa imening'inia kwenye vidole vya ajuza mmoja! Shule ile ilidumu hadi 1970, na mwaka 1981 jengo lake likafanywa makumbusho ya kimia.

Sisi, alhamdulillahi, hatujafika huko. Mafundi wangalipo, na Lamu utawakuta barazani na sindano zao. Lakini fundi wa kofia hana kitabu cha mapambo. Kitabu chake ni kofia iliyoshonwa na aliyemtangulia. Huitazama, huhesabu matundu, akaiga, akazidisha lake. Kila kofia kuukuu inayokwenda jaani au ng'ambo ni ukurasa uliochanwa, na hakuna awezaye kuuandika upya.

Wapo watakaosema kofia ni ya kuvaliwa, si ya kufungiwa sandukuni. Ni kweli, na mpya ivaliwe Ijumaa kwa Ijumaa mpaka ichakae. Tunayoitetea ni ile iliyokwisha chakaa, ambayo mwenyewe hataivaa tena. Wala asiichukue mtu mmoja kimyakimya, maana ni mali ya marehemu kama mali nyingine. Warithi wote waridhie kwanza.

Atakaye kukusanya ajifunze kutambua. Igeuze kofia ndani nje. Ya mkono, tundu lake ni safi pande zote mbili na mishono haikulingana sawasawa. Ya mashine hupigwa kwa hatua moja tu, na ndani utaona nyuzi zikivuka kutoka pambo hadi pambo. Kisha ioshe taratibu kwa maji baridi mpaka wanga wote utoke, kwani wanga huwaita wadudu. Usiitie dawa ya kung'arisha, hula nyuzi. Usiikunje, ijaze kitambaa safi cha bafta ibaki na umbo lake, uiweke pakavu, wala si ndani ya mfuko wa nailoni, ambao kwa joto letu la pwani hufuga ukungu. Na uandike kwenye karatasi: ya nani, ilishonwa na nani, mji gani, lini. Bila maneno hayo, baada ya miaka hamsini itakuwa kofia nzuri isiyo na kwao.

Na wewe unayetaka mpya kwa Idi, mwendee fundi mapema. Usingoje wiki ya mwisho ya Ramadhani, kisha ulalamike kwamba hukupata ila ya mashine.