Mbege ya kuhamia nayo

Kitenzi cha toleo hili ni *kuchacha*. Maharage ya jana yaliyosahaulika mezani yamechacha. Mpira ukifika dakika za mwisho na timu zikakabana koo, mchezo umechacha. Na kijana wa Dar es Salaam asiye na hata nauli ya daladala atakwambia, "Nimechacha, ndugu yangu," naye hana maana kwamba ananuka. Wanachama wa mwaka wa kwanza waiandike hii ya mwisho pembeni mwa daftari. Kwenye mtihani haitatokea, kwenye kituo cha basi itatokea.

Lakini nyumba hasa ya kitenzi hiki ni kwenye pombe. Pombe za kienyeji hazitulii. Pwani, mgema akishusha kibuyu asubuhi tembo ni tamu. Jioni limeanza kukolea, kesho yake ni kali, na likiachwa siku kadhaa linakuwa siki ya kutilia kwenye kachumbari. (Tazameni ngeli: tembo *li*mekuwa kali, tembo wa Mikumi *a*mekuwa mkali. Kila mwaka yupo mwenzetu anayesoma ile methali ya mgema akisifiwa na kumwona ndovu akimwagiwa maji. Kiambishi *-li-* katika *hulitia* kipo pale kumwokoa.) Iringa na Njombe wanakunywa ulanzi, utomvu wa mianzi michanga, nao wana majina mawili kwa kinywaji hicho hicho: ukiwa mbichi na mtamu ni mtogwa, ukikaa ni mkangafu. Mnywaji wa huko hahitaji kuuliza pombe ina nguvu kiasi gani. Anauliza ya lini.

Sasa swali. Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake ni Mchaga wa Marangu, amepata kazi Glasgow na alikuwa anahama London moja kwa moja: vitabu, baiskeli, magodoro mawili na kila kitu ndani ya gari dogo la mizigo la kukodi. Huko Glasgow ndiko waliko wakwe zake watarajiwa, nao ni Wachaga pia. Wazee walikuwa wakutane Jumamosi kuzungumza habari za mahari, na kwa Wachaga mazungumzo hayo bila mbege yana upungufu. Walikuwa wamesema kwa upole, kama wazee wanavyosema, kwamba "hata ndoo moja tu" ingetosha. Yeye anajua kupika mbege. Wengi wetu tumeinywa chumbani kwake. Akatuuliza: aipike London aipakie kwenye gari, au afike mikono mitupu?

Wapo waliomjibu haraka kwamba bia husafiri, na mfano wanao hapa hapa mjini. Kutoka kiwanda cha Hodgson pale Bow, mashariki ya London, mapipa ya bia yalipelekwa India tangu karne ya 18, safari ya miezi mingi kwa jahazi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na wanywaji wa huko wakaisifu. Ni kweli. Lakini bia ile ilitiwa hopsi nyingi, na hopsi huzuia vijidudu vinavyoleta uchachu. Tena ilikuwa imekwisha kuchacha sehemu kubwa kabla pipa halijazibwa. Mbege ni kinyume chake. Ni nzito, ina uji ndani, chachu yake iko hai na sukari bado ipo. Inanywewa siku moja au mbili baada ya kuchanganywa, halafu inakuwa chachu mno.

Na kuna suala la hewa. Chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili, kilevi na hewa ya kaboni. Ukikaza kifuniko cha dumu lenye mbege na kuliweka kwenye gari lililofungwa madirisha mwezi wa Juni, kwa kilomita 650 hivi hadi Glasgow, dumu linavimba kama mtu aliyekasirika, na mahali pa kulifungulia hapapo. Usipokaza, kila kona ya barabara inachukua haki yake, na godoro litanuka ndizi hadi Krismasi. Hata viwanda havikuweza kuishinda tabia hii. Chibuku, pombe nzito ya nafaka iliyoanzia Zambia na kuenea kusini mwa Afrika hadi kwetu Tanzania, ilipotiwa kwenye boksi la karatasi ilibidi boksi lenyewe liachiwe pa kupumulia, kwa sababu pombe inaendelea kuchacha dukani. Mnunuzi analitikisa kwanza, ndipo anakunywa.

Jibu letu lilitoka kwenye mapishi yenyewe. Mbege haipikwi kwa chungu kimoja. Upande mmoja ni ndizi mbivu, zinachemshwa muda mrefu mpaka zigeuke rangi, kisha zinaachwa zichache kwa siku kadhaa. Wachaga wanaiita nyalu. Upande wa pili ni ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Huo ni kimea, na unga wake unapikwa uji mwepesi uitwao mso. Uji ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na kesho yake pombe imeiva. Kwa maneno mengine, kabla ya kuchanganywa mbege bado haijawa mbege, na saa yake haijaanza kuhesabiwa. Kwa nini basi asafirishe pombe? Asafirishe pande zake mbili, zikutane Glasgow.

Ulezi ulipatikana Tooting, kwenye duka la Wahindi, ukiitwa ragi. Ni nafaka ile ile, ila nunueni nzima, unga hauoti. Kimea kilisafiri kikavu kwenye mfuko wa kitambaa, hakimsumbui mtu. Ndizi zilikuwa zimekaa karibu wiki nzima na vishindo vyake vimepungua; zikatiwa kwenye ndoo ya lita 25 iliyojazwa nusu tu, kifuniko kikaegeshwa, kitambaa kikafungwa juu, na ndoo ikasimamishwa nyuma ya kiti cha dereva ikabanwa na kamusi. (Kamusi ya chama. Imerudi salama.) Ijumaa alasiri akapika uji, akaupooza, akachanganya. Jumamosi wazee walikunywa kwa kata, wakapokezana. Mzee mmoja alinyamaza kidogo akauliza msesewe uko wapi, maana magome ya mti huo ndiyo yanayotia uchungu, na London hatukuyaona. Mazungumzo ya mahari yanaendelea. Tunavyoelewa, yakichukua muda ni heshima kwa binti.

Kwa wanaotengeneza bia ya Kizungu chumbani na watakaohama mwisho wa mwezi, kazi ni nyepesi zaidi. Sheria kwanza: tangu 1963 mtu Uingereza anaweza kujitengenezea bia ya kunywa nyumbani bila leseni wala kodi. Kuiuza ni jambo jingine, na kukoroga gongo kwa mtambo wa kuchemshia bila leseni ni kosa, hata kama shangazi alikufundisha. Anayeendesha asionje kitu, na akumbuke kwamba kiwango kinabadilika mpakani: England ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, Uskoti ni 50 tangu Desemba 2014. Mtu anaweza kuwa halali Carlisle akawa mkosaji Gretna, mwendo wa dakika chache.

Bia iliyo bado kwenye pipa ikichacha msiihamishe. Ngojeni imalize, au ahirisheni kuhama. Iliyo kwenye chupa isafiri wima, kwenye kreti, mbali na jua, na mkifika muiache wiki moja ili machicha yaliyotibuka yatuwame tena. Kama mna wasiwasi na chupa za kioo, na iwapo hamkupima sukari vizuri mnapaswa kuwa nao, tumieni chupa za plastiki za soda. Zina faida moja ambayo kioo hakina: ukiibonyeza kwa kidole gumba inakwambia hali yake. Ikigoma kabisa kubonyea, legeza kifuniko polepole hewa itoke, kisha kaza tena. Fanyeni hivyo nje ya gari.